Ukoo wa Mlalo: taa za Noah kabla ya hitma

JUMANNE

Zuhura 19:48: Assalam alaykum ndugu zangu wote, naomba msome hii msiruke kama mlivyoruka ya wiki iliyopita. Hitma ya Mzee ni Jumamosi. Noah, gari ya Mzee, inaondoka Dar Ijumaa kwenda Mlalo, watu tisa na masufuria. Leo nimepanda na Hamza kutoka Tandika mpaka Mbagala usiku huu huu na NAWAAMBIA UKWELI hatuoni. Taa zinawaka lakini mbele giza. Mtu wa bodaboda tumemuona akiwa tayari usawa wa kioo cha pembeni.

Zuhura 19:49: Hamza tuma picha

Zuhura 19:55: Hamza

Zuhura 20:10: Hamza naona upo onlaini

Hamza 20:14: [picha] [picha]

Hamza 20:14: ya kulia na ya kushoto

Anko Jumanne 20:17: Mbona gari ina mtoto wa jicho hii 😂😂 ipelekeni CCBRT

Mama Nasra 20:18: 😂😂😂

Saidi Ghana 20:18: 😂😂

Zuhura 20:20: Anko Shikamoo. Naomba tuwe siriasi kidogo, tunazungumza roho za watu.

Anko Jumanne 20:21: Marahaba mwanangu niko siriasi kabisa. Tatizo dogo hilo. Chukua dawa ya meno na kitambaa, sugua dakika kumi, taa inakuwa mpya. Au ile dawa ya mbu ya kupulizia, nimeona video, jamaa anapuliza anapangusa kioo kinakuwa cheupe hata hakuamini mwenyewe.

Zuhura 20:23: Abuu wewe si unafanya kazi gereji ya rangi Buguruni, jibu hapo

Zuhura 20:41: Abuu

Mama Nasra 20:44: Samahani nje ya mada, mchele wa hitma umenunuliwa kilo ngapi? Nasikia wa Mombo umepanda

Zuhura 20:45: Mama Nasra mchele una kikundi chake, umo humo.

Mama Nasra 20:46: Haya

Abuu Gereji 21:32: Shikamooni wakubwa zangu wote, nlikuwa kazini simu iko kwenye begi. Anko kwa heshima zote dawa ya mbu msiweke kabisa. Ile inayeyusha plastiki, ndo maana inang'aa pale pale, ngozi ya juu imelainika ikajilaza, wiki mbili tatu baadae inapasuka vinyufa vidogo vidogo na hapo hata msasa hauokoi tena. Dawa ya meno haina madhara makubwa, ina mchanga laini ndani yake inakwangua kidogo, ila ni ya kupatia picha za kuuzia gari, mvua mbili imerudi kule kule

Abuu Gereji 21:40: Ngoja niwaeleze vizuri mjue mnalipia nini. Kile tunachoita kioo cha taa sio kioo, ni plastiki ya polikaboneti. Kiwandani wanaipaka koti gumu juu ya kuzuia jua na mikwaruzo. Noah ya Mzee ni ya 2003, koti lilishakufa zamani, limeungua na jua linabanduka. Hamza kesho mchana pitisha kucha juu ya taa ya kushoto, utaona unatoka unga mweupe, hilo ndo koti lenyewe. Na angalia tena kwenye picha, sehemu ya juu inayotazama angani ndo ya njano zaidi, chini karibu na bampa bado safi. Ni jua hilo, gari inalala nje miaka yote

Hamza 21:43: kweli chini safi

Zuhura 21:44: Gari ilikuwa na banda. Banda lilibomolewa na nani tunajua, tusiingie huko.

Saidi Ghana 21:45: 👀

Zuhura 21:46: Abuu endelea mwanangu. Inatengenezeka au hapana, na ni shilingi ngapi.

Abuu Gereji 21:58: Kushoto inatengenezeka. Unafunga tepu ya karatasi pembeni yote usije ukala rangi ya boneti, unaanza msasa wa maji namba 800 kwasababu imeungua sana, halafu 1500 halafu 2000, muda wote maji yanatiririka, mwanzoni maji yanatoka ya njano baadae yanatoka meupe ujue umelimaliza koti bovu lote. Hapo msiogope ikikauka itaonekana imefubaa kuliko mwanzo, ndo inavyokuwa. Inakuja kompaundi, ile krimu ya kung'arishia, na mashine ya kupolishia inakuwa angavu. Halafu WENGI WANAISHIA HAPO. Fundi wa barabarani anakupolishia dakika ishirini anachukua elfu kumi yake, unafurahi, miezi michache imerudi njano kuliko ya mwanzo maana sasa plastiki iko uchi haina koti lolote. Lazima upige klia juu yake, yaani koti jipya angavu lenye kinga ya jua, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ikae usiku mzima ikauke. Mimi kazi yangu siwatozi ni familia, klia na misasa na kompaundi elfu 35

Zuhura 22:01: Mungu akubariki. Na kulia?

Abuu Gereji 22:03: Kulia dada ni habari nyingine. Hamza zumu ile picha ya pili kwenye kona ya chini

Hamza 22:09: kuna matone

Abuu Gereji 22:10: Ehe. Maji yako NDANI. Upande wa ndani nao umefubaa. Huo ukungu nikisugua nje mpaka Pasaka hautoki. Sili ya nyuma imeachia, au kipande cha taa kina ufa. Hii taa ilishawahi kugongwa?

Mama Nasra 22:12: Segera.

Hamza 22:13: dada tulishaongea hii

Mama Nasra 22:13: Nimesema Segera tu sijasema kitu kingine

Anko Jumanne 22:15: Segera pale si ndo kuna ile mishikaki 😋 mkipita Ijumaa mninunulie

Zuhura 22:16: Anko tafadhali.

Zuhura 22:17: Abuu ya kulia tunafanyaje

Abuu Gereji 22:24: Njia mbili. Kuifungua kwa joto, ile gundi nyeusi inalainika unaitenganisha, unasafisha ndani, unaweka gundi mpya. Ila ya mwaka 2003 plastiki imekauka, masikio yake yanavunjika kama biskuti, na kile kiakisi cha fedha ndani ukikigusa kwa kitambaa kimekwisha, kinatoka na kitambaa. Mi nisingewashauri. Njia ya pili kununua taa nzima ya mtumba kutoka Japan, Ilala zipo au Gerezani, upande mmoja wameniambia elfu 90, zote mbili 180. Za Taiwan mpya zipo pia ila bei imechangamka

Zuhura 22:30: Haya ndugu zangu mmesikia kwa mtu anayejua. Hesabu yangu: taa ya kulia 90,000, vifaa vya kushoto 35,000, fundi wa kufungua bampa na kuseti tuseme 15,000. Jumla 140,000. Tuko kumi na tisa humu, tukiondoa Baba Mkubwa na Bibi na watoto wa shule, tunabaki kumi na nne. ELFU KUMI KUMI. Namba ni yangu ile ile. Mwisho kesho saa sita mchana maana klia inataka usiku wa kukauka. Naanza mimi ✅

Zuhura 22:30:
1. Zuhura ✅
2.
3.
4.

Mwl Rehema 22:34: Amin 🙏

Zuhura 22:35: Rehema amin ya nini, weka jina

JUMATANO

Zuhura 06:20: Assalam alaykum. Orodha bado ina jina moja.

Zuhura 09:05: Meseji imesomwa na watu kumi na sita. Naona majina yao yote.

Saidi Ghana 09:40: Niko kwenye kikao ntarudi

Mama Nasra 10:11: Mimi nina swali na naomba lisichukuliwe vibaya. Kabla ya mchango mpya tungeelezwa kwanza ule wa tangi. Maana na ule pia ulikuwa elfu kumi kumi na namba ilikuwa hiyo hiyo.

Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 10:14: Mama Nasra hesabu ya tangi nilituma hapa na risiti. Panda juu utaiona. Nilituma siku ya pili baada ya Idd.

Mama Nasra 10:16: Risiti ya tangi niliiona. Ya bomba sijaiona. Na usafiri wa tangi kutoka Lushoto mpaka Mlalo uliandikwa mara mbili.

Zuhura 10:17: Uliandikwa mara mbili kwasababu LIRI LILIHARIBIKA MAGAMBA

Zuhura 10:17: *lori

Anko Jumanne 10:19: Liri 😂😂😂 kumbe tangi lilipandishwa na liri

Saidi Ghana 10:19: 😂😂😂😂

Tunu 10:20: hahahaha Anko jmn

Zuhura 10:22: Sawa chekeni. Ijumaa usiku mkiwa kona za Soni mtaniambia.

Idi Muscat 11:47: Salaam aleikum jamani nimeamka nakuta meseji mia. Poleni. Mimi naona mnajipa kazi bure, nipeni namba ya gari niwanunulie taa mpya huku, kuna jamaa analeta vitu kutoka Dubai na kontena la watu wa Tanga linaondoka mwezi ujao. Taa mbili mpya kwenye boksi. Mchango wangu mimi ndo huo.

Zuhura 11:49: Kaka Idi hitma ni Jumamosi hii

Idi Muscat 11:50: Najua lakini mnataka kitu cha kudumu au cha kuziba?

Abuu Gereji 12:31: Shikamoo kaka Idi. Wazo zuri ila naomba niseme kitu kimoja hapa ni muhimu sana. Huko mnaendesha kulia. Taa za huko dimu yake, ule mwanga wa chini, imekatwa kwa ajili ya kulia. Taa ya gari ya Japan ukiiwasha dimu ukutani utaona mwanga umepanda upande wa kushoto kuelekea pembeni ya barabara kumulika watembea kwa miguu, na upande wa anayekuja umekaa chini usimpige machoni. Ya huko ni kinyume. Ukiifunga hapa kila anayekuja mbele yako unamchoma macho na pembeni yako huoni kitu. Hakuna skrubu ya kurekebisha hiyo, iko kwenye kiakisi chenyewe. Kama utapata zilizoandikiwa gari za usukani wa kulia hapo sawa

Idi Muscat 12:38: Hili sikuwa nalijua wallahi. Asante mdogo wangu. Basi ntatuma hela.

Zuhura 12:39: Lini?

Idi Muscat 12:58: Mshahara ni tarehe moja inshallah

Anko Jumanne 13:05: Mimi nina suluhisho bila mchango. Zile balbu nyeupe za kichina, Kariakoo elfu 25 pea. Unamulika mpaka Kenya. Kijana wangu amefunga kwenye Spacio yake usiku kama mchana

Abuu Gereji 13:20: Anko mie napishana nao hao kila siku narudi nyumbani machozi yananitoka. Ile taa imechorwa kwa balbu ya halojeni ya wati 55, kiakisi kinategemea moto uko pale pale ulipokuwa, ukiweka balbu ya aina nyingine mwanga unasambaa hovyo. Na kioo kikiwa kimefubaa ndo mbaya zaidi, mwanga ukiwa mkali unatawanyika pale pale kwenye plastiki, haufiki barabarani. Halafu kule juu Magamba ukungu ukishuka mwanga mweupe unakurudia mwenyewe usoni. Na wale wanaoweka ya wati 100 wanachoma holda na waya. Balbu ya Noah ni nzima, tusiiguse, shida ni mlango wa mwanga kutokea

Anko Jumanne 13:22: Haya mwalimu nimeelewa. Hata hivyo na trafiki wa Chalinze hapendi zile

Tunu 13:24: kosa moja elfu 30 anko, hiyo ni michango ya watu watatu humu 😅

Zuhura 13:26: Kwa hiyo Anko nakuandika?

Anko Jumanne 13:27: Niandike nitakuja kulipia hapo hapo mkinipitia

Zuhura 13:28:
1. Zuhura ✅
2. Tunu ✅ (kalipa)
3. Anko Jumanne (ahadi)
4. Idi (tarehe moja)
5. Abuu (kazi yake, haesabiwi pesa)
6.

Zuhura 13:30: Saa sita imepita. Nina elfu ishirini mkononi. Abuu hiyo inatosha nini?

Abuu Gereji 13:41: Klia na msasa nusu dada. Mie naweza kuanza ya kushoto leo jioni kwa vifaa vilivyobaki gereji, Hamza alete gari kabla ya saa kumi na mbili. Ya kulia ndo hatuna

Hamza 13:55: gari naifanyia kazi mpaka saa mbili usiku

Zuhura 13:55: Kazi gani Hamza?

Hamza 13:58: kuna mzigo wa mtu

Mama Nasra 14:02: Gari la Mzee linabeba mizigo ya watu na tunachangishwa taa.

Hamza 14:03: mafuta nani anaweka dada? bima nani amelipa? mwezi wa tatu niliuliza humu hakuna aliyejibu hata mmoja

Mama Nasra 14:04: Na bampa nani alivunja

Ujumbe huu umefutwa

Ujumbe huu umefutwa

Saidi Ghana 14:06: Jamani jamani

Zuhura 14:07: Naombeni sana. Mzee angekuwepo asingependa haya.

Baba Mkubwa 17:52: Hii ni Mwanaidi anaandika, Baba Mkubwa anatamka mie naandika anavyosema.

Baba Mkubwa 18:03: Anasema. Nimesomewa yote tangu jana. Habari ya tangi niliifunga mimi siku ya msiba mbele ya Sheikh na ninyi wote mkaitikia. Maji yanatoka, nimetawadhia sasa hivi. Asiifungue mtu.

Baba Mkubwa 18:04: Anasema. Na Segera pia. Kijana alitoka mzima, bampa ni kitu.

Baba Mkubwa 18:09: Anasema. Mimi barabara ya Mombo kuja Lushoto nimeipanda na lori tangu ninyi hamjazaliwa. Taa zetu zilikuwa za kioo hasa, hazikuwa zikifubaa, jiwe likirushwa zinapasuka unanunua nyingine. Lakini hata na taa nzima tulikuwa tunalala Mombo. Kilomita thelathini na kitu hizo, upande mmoja mlima upande mmoja korongo, na lori la mboga linashuka katikati ya kona maana dereva anawahi Dar. Ukiwa na jicho moja hujui ukingo uko wapi. Gari hiyo isipande Soni usiku. Taa zitengenezwe zisitengenezwe, isipande usiku. Hitma ya ndugu yangu sitaki iwe mbili.

Zuhura 18:15: Tumesikia Baba Mkubwa. Shikamoo.

Mama Nasra 18:16: Shikamoo Baba. Tumesikia.

Hamza 18:16: shikamoo baba mkubwa. sawa

Anko Jumanne 18:20: Tumesikia kaka.

Mwl Rehema 18:21: Tumesikia 🙏

Tunu 18:22: shikamoo babu

Mama Nasra 18:40: Zuhura nimekutumia kumi yangu na ya Nasra. Angalia.

Zuhura 18:42: Nimeiona mdogo wangu. Asante sana.

Zuhura 18:50: Sasa kwa neno la Baba Mkubwa tubadilishe. Badala ya kuondoka Ijumaa jioni tuondoke Ijumaa alfajiri baada ya swala, tunafika Mombo mchana mchana tunapanda kweupe. Hamza unaweza kuomba ruhusa Ijumaa?

Hamza 19:02: ntajaribu kesho asubuhi sina uhakika

Zuhura 19:03: Jaribu leo

Saidi Ghana 19:05: Mimi Ijumaa natoka kazini saa kumi. Kama ni alfajiri basi mimi nitapanda basi na Tunu

Tunu 19:06: mi sijasema napanda basi 😳

Abuu Gereji 19:15: Wakubwa hata mkienda mchana taa zinatakiwa, mnarudi Jumapili na Chalinze kuja Kibaha mtaingiwa na giza tu. Mie nashauri hivi, Hamza aniletee gari leo hata saa tatu usiku nisugue kushoto na kupiga klia nje ya geti, ikauke mpaka asubuhi. Kulia kesho nipite Ilala nikiwa na hela

Zuhura 19:16: Kuna elfu arobaini sasa. Bado hamsini ya taa ya kulia tu, klia tutakukopa.

Abuu Gereji 19:18: Na tusinunue ya kulia bila kuijaribu. Hamza nitumie namba iliyopigwa muhuri juu ya taa, ukifungua boneti utaiona pale kwenye plastiki, Noah zina matoleo, taa za kabla ya gari kubadilishwa sura na za baada hazikai sawa. Nimeshaona mtu karudi Ilala mara mbili kwa hilo

Hamza 20:26: [picha]

Abuu Gereji 20:28: haisomeki, ifute vumbi

Hamza 20:33: [picha]

Abuu Gereji 20:34: Hapo sawa. Na hiyo ya mtumba ikipatikana usimpe hela mpaka umeipeleka juani ukatazama ndani, wakiipolishi nje inang'aa dukani kumbe ndani ina vinyufa. Halafu siku ya kuifunga lazima tuzisete zote mbili ukutani gari ikiwa na watu ndani, maana mkikaa tisa, nyuma ya gari inashuka, taa zinatazama mawingu

Zuhura 20:40: Umeleta gari kwa Abuu?

Hamza 20:52: niko Buguruni foleni

Zuhura 20:53: Alhamdulillah.

Bi Shani 21:15: Habari zenu. Simu yangu ilikuwa kwa fundi. Mimi ninayo taa ya Noah moja iko stoo kwangu Tanga, aliiacha marehemu Mzee mwenyewe akasema tuitunze. Iko kwenye gunia. Upande gani sijui.

Zuhura 21:16: BI SHANI

Zuhura 21:16: Shikamoo. Naomba picha sasa hivi

Abuu Gereji 21:17: Shikamoo bibi, ukiishika kama iko kwenye gari na wewe umekaa kiti cha dereva, kona iliyochongoka inatazama wapi

Bi Shani 21:31: Stoo imefungwa na funguo anayo Kassim. Kassim yuko Pangani anarudi Ijumaa.

Anko Jumanne 21:32: Kassim yule yule? 😂

Zuhura 21:33: Anko usianze

Zuhura 21:40: Abuu kesho usinunue kwanza mpaka saa nne, nampigia Kassim.

Abuu Gereji 21:44: Sawa dada ila saa nne ikipita Ilala ya Alhamisi inakuwa imejaa na mie zamu yangu inaanza saa sita

Zuhura 21:45: Saa tatu na nusu basi

Mama Nasra 21:50: Na tukiipata ya Tanga ile elfu arobaini inarudishwa au inakuwaje?

Zuhura 21:58: Kuna elfu ishirini nyingine imeingia sasa hivi kutoka namba siijui, jina limekuja herufi tu. Ya nani hii niiandike?

Zuhura 22:20: Aliyetuma aseme jamani nifunge orodha